Kutoka St. Louis hadi Washington: Safari ya Kufuata Majina ya Kesi

Jumapili, St. Louis

Kesi kubwa za Marekani hujulikana kwa majina: Scott, Plessy, Shelley, Brown, Loving. Wanafunzi wa sheria, hata wa vyuo vyetu vya Dar es Salaam na Nairobi, huyakariri majina hayo kwa ajili ya mitihani bila kupata nafasi ya kufikiri kwamba kila moja lilikuwa la mtu mwenye kazi, nyumba na watoto, ambaye siku moja alikubali jina lake liandikwe juu ya hati ya madai akijua kwamba huenda akapoteza vyote hivyo. Kwa sababu hiyo niliazimia kufika kwanza mahali walipoishi na kufungua mashauri yao, ndipo baadaye nizifuate kesi zenyewe hadi Washington. Shemeji yangu, mkazi wa St. Louis wa miaka mingi, alikubali kuwa dereva na mwenzi wa safari.

Tulianzia katika Mahakama ya Kale, jengo lenye kuba kubwa na nguzo za mtindo wa Kigiriki, lililo karibu na lile tao la chuma linalojulikana dunia nzima. Nje yake ipo sanamu ya Dred Scott na mkewe Harriet, iliyosimamishwa mwaka 2012. Tarehe 6 Aprili 1846 mume na mke hao, wote watumwa, walifungua mashauri mawili tofauti wakidai uhuru wao. Nilikuwa na nakala ya hati zao, kwa kuwa zimehifadhiwa na zinapatikana kwenye mtandao, nami nilizisoma tena nikiwa ndani ya jengo hilo. Mwishoni mwa kila hati ipo alama ya X. Hawakujua kuandika, kwa hiyo karani aliandika majina yao kandokando ya alama hizo.

Watu wengi hudhani kwamba Scott alibahatisha. Sivyo. Tangu mwaka 1824 mahakama za Missouri zilikuwa zikiwaachia huru watumwa waliowahi kupelekwa na mabwana zao kuishi mahali ambapo utumwa ulikatazwa, na msimamo ulikuwa kwamba aliyekwisha kuwa huru harudi utumwani. Scott alikuwa amepelekwa na bwana wake, daktari wa jeshi aliyeitwa John Emerson, hadi Illinois na kisha Fort Snelling, katika nchi ambayo leo ni Minnesota, na huko ndiko alikomwoa Harriet. Kwa sheria ya siku zile madai yao yalikuwa na nguvu. Walishindwa mwaka 1847 kwa kasoro ya ushahidi tu, kwa sababu shahidi aliyepaswa kuthibitisha ni nani aliyekuwa akiwamiliki alieleza mambo aliyoyasikia kwa mwingine. Shauri liliposikilizwa upya mwaka 1850, baraza la wazee wa mahakama likampa Scott ushindi. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Juu ya Missouri ikaufuta ushindi huo, na jaji aliyeandika uamuzi alieleza waziwazi kwamba nyakati zimebadilika. Vifungu vya sheria havikuwa vimebadilika. Kilichobadilika ni siasa ya utumwa, iliyokuwa imepamba moto nchi nzima.

Hukumu ya mwisho ilitolewa Washington tarehe 6 Machi 1857. Jaji Mkuu Roger Taney, akiungwa mkono na wenzake sita dhidi ya wawili, aliamua kwamba mtu mwenye asili ya Afrika, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia wa Marekani na hivyo hana haki ya kushitaki katika mahakama za shirikisho, na kwamba Bunge halikuwa na mamlaka ya kupiga marufuku utumwa katika maeneo ya magharibi, kama lilivyofanya mwaka 1820. Aliandika kuwa watu hao, machoni mwa waasisi wa taifa, hawakuwa na haki yoyote ambayo mzungu alilazimika kuiheshimu. Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi, lakini kuyasoma katika jengo ambalo baraza la raia wa kawaida lilikwisha kumpa mtu huyo uhuru wake kuliniumiza kwa namna nisiyoitarajia.

Jengo hilohilo lina kesi nyingine ambayo haitajwi sana. Virginia Minor alizuiwa kujiandikisha kupiga kura mwaka 1872, akashitaki hapo kwa hoja kwamba Marekebisho ya 14 ya Katiba yamemfanya kuwa raia kamili. Mwaka 1875 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba yeye ni raia, ila ikasema uraia hauji na haki ya kura. Wanawake walisubiri hadi Marekebisho ya 19, mwaka 1920.

Jumatatu, St. Louis

Asubuhi tulikwenda makaburi ya Calvary. Scott aliachiwa huru tarehe 26 Mei 1857, si na mahakama, bali na Taylor Blow, mtoto wa bwana aliyemmiliki kabla ya Emerson, ambaye familia yake ilikuwa imesaidia kugharimia kesi. Alifanya kazi ya ubawabu hotelini na kufariki kwa kifua kikuu mwezi Septemba 1858, hata miaka miwili ya uhuru hakuifikisha. Juu ya jiwe la kaburi wageni huacha sarafu za senti moja, zile zenye sura ya Abraham Lincoln, nyingine mpya zinang'aa na nyingine zimegeuka rangi kwa mvua. Harriet hayupo hapo. Yeye aliishi hadi mwaka 1876 na amezikwa katika makaburi ya Greenwood, ingawa wanahistoria wengi wanakubali kwamba bila yeye, na bila hofu yake ya kuona binti zao wawili wakiuzwa, huenda kesi isingefunguliwa kabisa.

Mchana tulifika mtaa wa Labadie, nyumba namba 4600. Ni nyumba ya matofali ya ghorofa mbili ambayo mtu angeipita bila kuigeukia. Mwaka 1911 wenye nyumba wa mtaa huo walitia saini mkataba wa miaka 50 wa kutoruhusu watu weusi wala wenye asili ya Asia Mashariki kukaa humo. J. D. Shelley na mkewe Ethel, wazazi wa watoto sita waliokuja mjini kutoka Mississippi, waliinunua mwaka 1945, na majirani wakaenda mahakamani kutaka waondolewe. Uamuzi wa tarehe 3 Mei 1948 ulijengwa juu ya hoja ambayo mimi huiona kuwa ya hali ya juu sana: watu binafsi wanaweza kuahidiana wanavyotaka, lakini mara tu wanapoiomba mahakama itekeleze ahadi hiyo ya kibaguzi, anayebagua sasa ni dola yenyewe, na dola imekatazwa na Marekebisho ya 14. Majaji waliokaa walikuwa sita tu. Watatu walijitoa bila kutaja sababu, na tangu wakati huo imedhaniwa kwamba nyumba zao wenyewe zilikuwa chini ya mikataba ya aina hiyo.

Tulisimama upande wa pili wa barabara bila kupiga picha, kwa kuwa hiyo ni nyumba ya watu.

Jumanne, Topeka

Tuliondoka alfajiri, tukavuka Missouri yote kuelekea magharibi, kilomita zipatazo 500, na adhuhuri tukawa Kansas mbele ya Shule ya Monroe. Ilikuwa mojawapo ya shule nne za msingi za watoto weusi mjini Topeka, na sasa ni hifadhi ya taifa iliyofunguliwa tarehe 17 Mei 2004, miaka 50 kamili baada ya hukumu.

Linda Brown alikuwa darasa la tatu. Shule ya Sumner, ya wazungu, ilikuwa mitaa saba tu kutoka kwao, lakini yeye alilazimika kutembea kandokando ya njia za reli hadi kituo cha basi, kisha apelekwe Monroe. Baba yake, Oliver Brown, alikuwa mchungaji msaidizi na fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana za reli. Aliunganisha jina lake na majina ya wazazi wengine 12 kwa niaba ya watoto 20, na hao wengine wote walikuwa wanawake. Kwa alfabeti kulikuwa na mama mwingine wa jina la Brown aliyepaswa kutangulia, hata hivyo jina la mwanamume ndilo lililowekwa mbele. Nimejiuliza mara kadhaa safari hii ni kina mama wangapi wako nyuma ya neno "na wenzake" katika vitabu vya kesi.

Nilichokuja kukielewa hapa ni kwa nini Topeka ilifaa kuwa uwanja wa shauri hili. Shule za weusi za mji huu hazikuwa mabanda. Majengo yake yalikaribiana kwa ubora na yale ya wazungu, na walimu wake walikuwa wasomi wenye shahada. Mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, hawakuweza basi kushinda kwa kuhesabu madawati na vitabu, jambo walilolitaka hasa, kwa sababu sasa mahakama ililazimika kujibu swali lenyewe: je, kuwatenga watoto kwa rangi, hata katika majengo yanayolingana, ni usawa? Hukumu ya Plessy ya tarehe 18 Mei 1896, iliyohusu behewa la treni huko Louisiana, ilikuwa imesema ndiyo, na Jaji John Marshall Harlan peke yake ndiye aliyepinga.

Mwaka 1951 majaji watatu wa shirikisho huko Kansas waliamua dhidi ya wazazi kwa kuwa Plessy iliwafunga mikono. Lakini walifanya jambo moja la ujasiri. Waliandika, kama ukweli uliothibitishwa, kwamba kutengwa kunawadhuru watoto weusi na kunapunguza hamu yao ya kujifunza. Jaji Mkuu Earl Warren aliyachukua maneno hayo na kuyaweka ndani ya hukumu ya tarehe 17 Mei 1954, ambayo majaji wote tisa waliikubali. Kesi tano zilikuwa zimeletwa pamoja, kutoka Kansas, South Carolina, Virginia, Delaware na Washington kwenyewe, na ile ya South Carolina ndiyo iliyoanza kwa ombi dogo kuliko yote: wazazi wa kaunti ya Clarendon waliomba basi la shule. Harry Briggs na mkewe Eliza, ambao jina lao liko juu ya kesi hiyo, wote wawili walifukuzwa kazi.

Ipo gharama nyingine ambayo sherehe za hukumu hii huisahau. Mwaka 1953, kesi ikiwa bado inasubiri, halmashauri ya shule za Topeka iliwaandikia baadhi ya walimu weusi kwamba mikataba yao haitaendelezwa, kwa kuwa wazazi wa kizungu hawangekubali wawafundishe watoto wao. Shule zilipoungana, walimu weusi wengi katika majimbo ya kusini walipoteza ajira. Ni sehemu ya historia hii, na inastahili kusemwa kila mara Brown inaposemwa.

Jumatano, njiani

Siku nzima ya barabara, kutoka Kansas hadi Arkansas. Tulipokaribia Little Rock shemeji aliniuliza: "Shemeji, kama mahakama ilikwisha kuamua 1954, askari walihitajika wa nini 1957?" Nilimjibu kwamba jibu liko katika hukumu ya pili ya Brown, ya tarehe 31 Mei 1955. Hiyo ndiyo iliyohusu utekelezaji, na badala ya kuweka tarehe ya mwisho iliagiza shule ziunganishwe kwa haraka inayozingatia hali. Watawala wa kusini walilisikia neno "hali" na kuliacha neno "haraka".

Alhamisi, Little Rock

Central High School ni jengo kubwa mno, lililofunguliwa mwaka 1927, na bado ni shule. Kengele ililia tukiwa kando ya barabara, na wanafunzi wa kila rangi wakatoka wakiwa na mabegi yao mgongoni.

Tarehe 4 Septemba 1957 Elizabeth Eckford, msichana wa miaka 15, alifika hapa peke yake. Wenzake wanane walikuwa wamepanga kukutana kwanza, lakini nyumbani kwa Elizabeth hakukuwa na simu, hivyo habari haikumfikia. Gavana Orval Faubus alikuwa ameweka askari wa jimbo kuwazuia watoto hao, na Elizabeth alipogeuka alikuta umati unaomzomea na kumtishia, akatembea hadi kwenye benchi la kituo cha basi na kukaa. Nilitembea umbali huo kwa mwendo wa kawaida. Si mrefu kwa mtu mzima asiyetishiwa na yeyote, na sitaki kudai kwamba nimeelewa ulivyokuwa kwake.

Rais Eisenhower alituma askari wa miavuli wa Divisheni ya 101 mwezi huohuo, nao wakawaingiza watoto tisa darasani. Halmashauri ya shule ikarudi mahakamani kuomba mpango uahirishwe kwa miaka miwili na nusu kwa sababu ya vurugu. Kesi ya Cooper dhidi ya Aaron ikaamuliwa tarehe 12 Septemba 1958, na majaji wote tisa, kinyume na desturi, waliweka majina yao kila mmoja kuwa mwandishi wa hukumu. Walisema kwamba haki za watoto haziwezi kutolewa kafara kwa ajili ya vurugu zilizochochewa na viongozi wa jimbo wenyewe, na kwamba tafsiri ya Katiba inayotolewa na Mahakama ya Juu inamfunga kila gavana na kila mbunge. Faubus alijibu kwa kuzifunga sekondari zote za umma mjini kwa mwaka mzima, na vijana wa rangi zote wakakosa masomo.

Ijumaa

Mwendo mrefu kupitia Mississippi hadi Alabama, mvua ikinyesha. Hakuna la kuandika zaidi ya kwamba tulifika salama.

Jumamosi, Montgomery na Selma

Kila mtu anamjua Rosa Parks, aliyekamatwa tarehe 1 Desemba 1955, na anastahili. Lakini si kesi yake iliyofuta ubaguzi katika mabasi ya Montgomery. Kesi hiyo ni ya Browder dhidi ya Gayle, iliyofunguliwa tarehe 1 Februari 1956 na wakili kijana, Fred Gray, kwa niaba ya wanawake wanne: Aurelia Browder, Susie McDonald, Claudette Colvin na Mary Louise Smith. Colvin alikuwa amekataa kusimama miezi tisa kabla ya Parks, akiwa na miaka 15. Gray aliikwepa kesi ya Parks kwa makusudi, kwa kuwa ilikuwa ya jinai katika mahakama za jimbo na ingeweza kukwama huko kwa miaka, akaenda moja kwa moja kwenye mahakama ya shirikisho kuishambulia sheria yenyewe.

Jengo la mahakama hiyo bado lipo, nalo leo lina jina la Jaji Frank Johnson, mmoja wa majaji wawili kati ya watatu waliotoa uamuzi wa Juni 1956. Mahakama ya Juu iliuthibitisha tarehe 13 Novemba, na baada ya siku 381 za kususia mabasi watu walipanda tena na kuketi walipotaka. Jaji Johnson ndiye pia aliyeruhusu, tarehe 17 Machi 1965, maandamano ya kutoka Selma hadi hapa baada ya waandamanaji kupigwa kwenye daraja siku kumi kabla.

Alasiri tulikwenda Selma na kulivuka daraja la Edmund Pettus kwa miguu. Limepanda katikati kiasi kwamba anayetoka mjini haoni kilicho upande wa pili mpaka afike juu, na ndipo waandamanaji wa tarehe 7 Machi walipowaona polisi wakiwasubiri. Sheria ya Haki za Kupiga Kura ilitiwa saini tarehe 6 Agosti mwaka huohuo. Uti wa mgongo wake ulikuwa kifungu cha 5, kilichoyalazimu majimbo na kaunti zenye rekodi ya ubaguzi kupata kibali cha serikali kuu au mahakama ya Washington kabla ya kubadilisha kanuni yoyote ya uchaguzi. Mzigo wa kuthibitisha ulihamishwa kutoka kwa mpiga kura hadi kwa mtawala, na ndiyo maana sheria hiyo ilifanikiwa pale ambapo kesi za mmoja mmoja zilikuwa zimeshindwa.

Kaunti ya Shelby haiko mbali na hapa. Tarehe 25 Juni 2013, katika kesi yenye jina la kaunti hiyo, Mahakama ya Juu kwa kura 5 dhidi ya 4 ilifuta kanuni iliyoamua ni majimbo gani yanayohitaji kibali, kwa hoja kwamba takwimu zake zimepitwa na wakati. Kifungu cha 5 kilibaki kwenye karatasi bila jimbo lolote la kuligusa. Jaji Ruth Bader Ginsburg alipinga, akasema ni sawa na kuutupa mwavuli mvua ikiwa inanyesha kwa sababu hujalowa. Nakubaliana naye, na nadhani kila aliyesimama juu ya daraja lile ana haki ya kuuliza ni takwimu zipi zilizopaswa kupitwa na wakati.

Jumapili, Atlanta

Tulipita tu. Mahali palipokuwa na moteli ya Heart of Atlanta, yenye vyumba 216, sasa pana hoteli nyingine kubwa. Mwenye moteli, ambaye mwenyewe alikuwa wakili, aliishitaki serikali saa chache baada ya Sheria ya Haki za Kiraia kutiwa saini tarehe 2 Julai 1964, akidai uhuru wa kukataa wageni weusi. Alishindwa kwa kura zote tarehe 14 Desemba. Robo tatu ya wageni wake walitoka nje ya Georgia, na mamlaka ya Bunge juu ya biashara kati ya majimbo yakatosha kuiokoa sheria nzima. Nimewahi kukutana na watu wanaoona aibu kwamba utu wa mtu ulilindwa kwa hoja ya biashara. Mimi naona waandishi wa sheria ile walijua hukumu ya mwaka 1883 ilivyoiua sheria kama hiyo iliyosimama juu ya Marekebisho ya 14, nao hawakutaka kurudia.

Jumanne, Farmville, Virginia

Jumatatu yote iliishia barabarani kupitia Carolina mbili. Kuna mahali pa kesi ya Briggs tulipopaacha kwa sababu ya muda, na ninapasikitikia.

Farmville ni mji mdogo, na sekondari ya zamani ya Robert Russa Moton, sasa makumbusho, iko pembezoni mwa mji. Ilijengwa kwa wanafunzi 180. Ilipofika mwaka 1951 ilikuwa na zaidi ya 450, na halmashauri iliongeza mabanda ya mbao yaliyofunikwa kwa karatasi ya lami, kila moja likiwa na jiko la kupasha moto. Waliokaa karibu na jiko walitoka jasho, waliokaa mbali walisoma na makoti mwilini, na mvua iliponyesha paa lilivuja juu ya madaftari. Ndani ya ukumbi wa shule niliketi kwenye kiti cha safu ya nyuma na kutazama jukwaa. Tarehe 23 Aprili 1951 Barbara Johns, mwenye miaka 16, alipanda juu ya jukwaa hilo baada ya mkuu wa shule kuvutwa mbali kwa simu ya uongo, akawaomba walimu watoke, na kuwaongoza wenzake kugoma. Walitaka shule bora. Mawakili Oliver Hill na Spottswood Robinson waliwaambia kwamba chama hakitashitaki tena kwa ajili ya majengo, na kwamba ikiwa wazazi wako tayari kuupinga utengano wenyewe, watakuja. Wazazi wakakubali, na jina la kwanza kwenye hati likawa la Dorothy Davis, binti wa miaka 14.

Hiyo ni mojawapo ya zile kesi tano zilizoamuliwa pamoja na Brown, na ndiyo pekee iliyoanzishwa na wanafunzi. Walishinda. Kaunti ya Prince Edward, ulipo mji huu, ilipolazimishwa kutekeleza, mwaka 1959 ilizifunga shule zote za umma na kutoa ruzuku kwa shule za binafsi za wazungu. Watoto weusi walikaa miaka mitano bila shule ya umma. Wengine walipelekwa kwa ndugu katika majimbo mengine, wengine walifundishwa katika vyumba vya makanisa, na wengine hawakurudi darasani tena. Mahakama ya Juu iliikomesha hali hiyo tarehe 25 Mei 1964, katika kesi ya Griffin, ikisema kwamba muda wa haraka inayozingatia hali umekwisha. Mtoto aliyekuwa na miaka saba milango ilipofungwa alikuwa na kumi na miwili ilipofunguliwa. Katika safari yote hii hakuna mahali paliponihuzunisha kuliko hapa, kwa sababu hapa ushindi mahakamani ulilipwa na watoto waliokuwa wameshinda.

Sanamu ya Jenerali Robert E. Lee, iliyoiwakilisha Virginia katika jengo la Bunge la Marekani, iliondolewa Desemba 2020, na jimbo likamchagua Barbara Johns achukue nafasi hiyo.

Jumatano, Bowling Green, Virginia

Mahakama ya kaunti ya Caroline ni jengo la matofali mekundu lenye matao mbele. Richard Loving, mzungu, na Mildred, mwenye asili ya Afrika na ya Wahindi Wekundu, walioana Washington mwezi Juni 1958 na kurudi kuishi kijijini kwao Central Point. Wiki chache baadaye mkuu wa polisi wa kaunti aliingia chumbani mwao usiku wa manane. Januari 1959 Jaji Leon Bazile aliwahukumu kifungo cha mwaka mmoja, akakisimamisha kwa sharti kwamba wahame jimbo na wasirudi pamoja kwa miaka 25. Mwaka 1963 Mildred, aliyechoshwa na maisha ya mjini na kuwatamani wazazi wake, aliandika barua kwa Mwanasheria Mkuu Robert Kennedy, naye akamwelekeza kwa ACLU, chama cha kutetea uhuru wa raia. Mahakama ya Juu iliifuta sheria ya Virginia kwa kura zote tarehe 12 Juni 1967, na kwayo sheria za namna hiyo katika majimbo mengine 15. Siku iliyofuata Rais Johnson alimteua Thurgood Marshall kuwa jaji wa kwanza mweusi wa mahakama hiyo.

Alhamisi, Washington

Jengo la Mahakama ya Juu lilikamilika mwaka 1935, na juu ya nguzo zake yamechongwa maneno yanayoahidi haki sawa chini ya sheria. Wageni huingia kwa mlango wa pembeni na kutoka kwa ule mkuu. Tulisikiliza maelezo ndani ya ukumbi, mbele ya viti tisa ambako Marshall, akiwa wakili, alisimama mwaka 1952 na 1953 kuitetea kesi ya Briggs na zile nyingine.

Dred Scott hakuhukumiwa katika jengo hilo. Ng'ambo ya barabara, katika ghorofa ya chini ya jengo la Bunge, kipo chumba chenye dari la matao ambamo mahakama ilikaa hadi mwaka 1860, na hapo ndipo Taney alipoisoma hukumu yake. Kwa miaka mingi sanamu ya Taney ilisimama karibu na mlango wake. Sheria iliyotiwa saini Desemba 2022 iliamuru iondolewe, na iliondolewa Februari 2023. Sheria hiyohiyo iliagiza itengenezwe sanamu ya Thurgood Marshall badala yake.

Shemeji hakujua kwamba Marshall ana historia na Kenya, nami nilimweleza tukiwa ndani ya chumba hicho. Mwaka 1960 Tom Mboya alimwomba awe mshauri wa wajumbe wa Kiafrika katika mkutano wa katiba uliofanyika Lancaster House, London. Marshall aliandika rasimu ya hati ya haki, na humo aliwalinda hata walowezi wachache wa kizungu, kwa kutaka ardhi isichukuliwe bila fidia ya haki inayoweza kudaiwa mahakamani, jambo lililowashangaza waliotazamia kwamba wakili wa watu weusi angeandika vingine. Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 haikuifuata rasimu yake neno kwa neno. Lakini miongoni mwa haki alizoziandikia Kenya ilikuwamo haki ambayo Katiba ya nchi yake mwenyewe haiitaji popote, na ambayo yeye alikuwa ameipigania kwa niaba ya watoto wa Clarendon na Farmville: haki ya elimu.